Punje nyeupe kwenye sinia: ubora wa kahawa na malipo ya mkulima ni kitu kimoja

Ukiingia supamaketi yoyote hapa Kisumu siku hizi utapata rafu ya kahawa imejaa maneno matamu: "ubora wa hali ya juu", "endelevu", "moja kwa moja kutoka kwa mkulima", alafu picha ya mama ameshika kikapu cha cheri nyekundu (ndio matunda ya kahawa) anatabasamu. Pakiti mbili zimekaa bega kwa bega, zote gramu 250, moja bei yake ni karibu mara tatu ya mwenzake, na hakuna mahali popote umeelezwa hiyo tofauti imetoka wapi. Nataka tuifungue hii maneno polepole, kwa sababu ndani yake kuna kazi kubwa ya watu wa Elgon, Kisii, Nandi na Kipkelion, na mara nyingi ile kazi ndio haionekani kabisa kwa hilo karatasi la pakiti.

Kwanza kitu kimoja kieleweke. Anayekaanga kahawa hawezi kuongeza ubora. Anaweza kuulinda, anaweza kuuonyesha, na anaweza kuuharibu kwa dakika moja tu akizubaa, lakini kuuongeza hapana. Ni kama samaki wa Dunga, akifika jikoni ameshalegea hata umtie nyanya na dania namna gani mlaji atajua. Kwa hivyo kampuni ikituambia inajali ubora, swali la kwanza sio mashine yao ilitoka nchi gani, swali ni wananunua vipi kahawa mbichi, kutoka kwa nani, lini, na kwa bei gani. Na wakituambia wanajali mkulima na mazingira, swali la kwanza ni hilo hilo. Watu huweka haya mambo mawili kwa vikapu tofauti, idara ya ubora huku, idara ya "uendelevu" kule na ripoti yake yenye picha nzuri, na mimi naona hapo ndipo mambo huanza kuharibika.

Sisi watu wa huku pia tumezoea kufikiria kahawa ni ya Nyeri na Kirinyaga, huku kwetu ni chai, miwa na mahindi basi. Si kweli. Kisii ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kabisa ambapo Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, miaka ya 1930, wakati serikali ya kikoloni ilikuwa imewawekea wazungu peke yao zao hilo. Kuna aina ya kahawa inaitwa K7, ilichaguliwa kutoka kwa miti ya shamba moja huko Muhoroni, Muhoroni hii hii ambayo leo mtu akiitaja unafikiria miwa peke yake. Na ule ugonjwa unaoozesha matunda, CBD, ambao umetesa wakulima Afrika nzima, mara ya kwanza kuandikwa popote duniani ilikuwa hapa magharibi mwa Kenya, mwaka wa 1922. Leo kahawa iko Cheptais na Kimilili mpaka juu Elgon, iko Trans Nzoia, Nandi, Nyamira, Kipkelion, na ukivuka upande wa Nakuru iko Subukia na Solai.

Nimetaja CBD makusudi kwa sababu ndio mfano mzuri wa venye ubora na mazingira vinagongana shambani. Ile SL28, aina ya kahawa iliyochaguliwa na Scott Laboratories, maabara ya utafiti ya wakoloni, miaka ya 1930, ndio imeipa Kenya jina duniani, ladha yake ya matunda ni kali na safi, lakini inashikwa na CBD na kutu ya majani haraka sana, kwa hivyo mkulima lazima apulizie dawa msimu baada ya msimu, na dawa ni pesa, na nyingi zina madini ya shaba ambayo yanabaki kwa udongo. Ruiru 11 ikaja katikati ya miaka ya 1980, inavumilia magonjwa, ila wanunuzi wakaidharau ladha. Alafu 2010 ikatoka Batian, hii inavumilia na pia ladha yake kikombeni imekaribia ile ya SL28. Sasa chukua mkaangaji anayesema "mimi nataka SL28 tupu". Ni haki yake, lakini ajue anamwambia mkulima anunue dawa zaidi na abebe hatari zaidi, na kama haongezi bei ya kulingana na hiyo hatari basi ameagiza ubora kwa gharama ya mtu mwingine. Mimi namheshimu zaidi yule anayeonja Batian bila kuangalia jina, ikipita anainunua.

Tuingie faktori sasa, pale wakulima wanapopeleka cheri zipimwe na kumenywa, kwa sababu hapa ndio penyewe.

Cheri zinaiva kwa zamu, sio siku moja. Kwa tawi moja utapata nyekundu, za manjano na za kijani, zote pamoja, kwa hivyo ili upate nyekundu peke yake lazima urudi kwa mti ule ule kila baada ya wiki moja na nusu ama mbili, msimu mzima. Anayevuna mara nyingi analipwa kwa kilo ama kwa debe. Fikiria hiyo. Mtu analipwa kwa uzito, alafu unamwambia aache nusu ya matunda kwa mti, arudi tena baadaye. Kama bei haimlipi kwa kuchagua, atakwangua tawi lote na hakuna mtu mwenye akili timamu atamlaumu, ana watoto wa kulipia shule. Faktori nzuri zinatandika turubai kabla ya mizani, kila mtu anamwaga zake, anaketi chini anachambua, za kijani na zilizokauka zinatengwa, karani akiridhika ndio zinapimwa. Mahali ambapo sosaiti, yaani ushirika wa wakulima wenyewe, inalipa vizuri utaona watu wanachambua kwa makini hata kama karani hajafika. Mahali malipo yamekaa miezi bila kufika, turubai liko lakini kila mtu anaharakisha jua lisizame.

Baada ya mizani kahawa inaingia kwa palpa, ganda linatoka, punje zinabaki na utelezi wake, zinalazwa kwa tangi zichachuke usiku kucha ama zaidi kulingana na baridi ya mahali, zinaoshwa, zinapitishwa kwa mifereji ili nzito zitengane na nyepesi, alafu zinaanikwa kwa meza za waya. Kuanika ni kazi ya kugeuza, kufunika mchana jua likiwa kali, kufunika jioni, kufunika mvua ikinusa, mpaka unyevu ushuke ufike asilimia 10 hadi 12. Ukiacha unyevu juu ya hapo, ukungu unaingia ndani ya gunia. Ukikausha haraka kwa jua la saa saba bila kufunika, pachmenti, ile ngozi ngumu ya punje, inapasuka na ladha inachakaa mapema, unaweza kuinunua Januari ikiwa tamu na kufika Juni inanuka gunia. Hakuna hatua hapo ambayo mkaangaji anaweza kuirudia mjini, zote zimeshafanyika na vibarua na wanachama wa sosaiti kabla yeye hajaona hata punje moja.

Na maji. Maji ya palpa yanatoka yamejaa sukari na asidi, yakiachiliwa mtoni bakteria wanaanza kuyala na wanamaliza hewa yote kwa maji, wadudu wa mto na samaki wadogo wanakufa. Mito yetu yote inaelekea kwa ziwa moja, Kuywa inaingia Nzoia, Nyando inashuka kutoka milima ya Nandi na Kericho, Gucha inatoka Kisii, yote mwisho wake ni Ziwa Victoria, na kila mtu wa Kisumu ameona gugumaji likifunga ufuo kwa sababu ya uchafu na mbolea inayoshuka na hiyo mito. Dawa yake inajulikana na sio ya ajabu: mashimo ya kuzuia maji yazame ardhini mbali na mto, kuzungusha maji yale yale mara kadhaa, ama kununua ekopalpa, mashine inayotumia maji kidogo sana ikilinganishwa na zile za zamani. Maganda yenyewe yanakuwa mbolea nzuri yakikaa. Tatizo ni nani analipa hiyo mashine. Sosaiti ndogo yenye deni haiwezi. Kwa hivyo kampuni ikiandika kwa pakiti "rafiki wa mazingira", mimi ningependa kujua maji ya faktori walikonunua yanaenda wapi, kabla ya kuniambia pakiti inaoza ama haiozi.

Kutoka faktori kahawa ikiwa bado na pachmenti yake inaenda kwa mil, inakobolewa, inapangwa gredi. Hapa kuna uelewa mbaya ambao umesambaa sana, hata mahoteli yenye wahudumu wenye mafunzo wanaurudia: kwamba AA ndio kahawa bora. AA ni saizi. Ni punje kubwa zilizokataa kupita kwa chekeche ya tundu la kama milimita 7, AB ni za kati zimechanganywa, PB ni zile za mviringo ambazo tunda lilizaa punje moja badala ya mbili, C ni ndogo, na chini yake kuna T na TT ambazo ni nyepesi ama zimevunjika. Soko huwa linalipa AA zaidi na mara nyingi ni nzuri kweli, lakini AB ya faktori iliyochambua cheri vizuri itaipiga AA ya faktori iliyokwangua, mchana kweupe. Na kuna haki pia hapo. Mti hauzai AA peke yake. Mkaangaji anayekuja kuchota AA tu na kuacha zingine zote amechukua nyama akaacha mifupa kwa wakulima, wakati yule anayechukua AA na AB na PB ya faktori hiyo hiyo, akatafuta mahali pa kila moja kwa biashara yake, ameisaidia sosaiti kuliko bango lolote.

Kwa miaka mingi kahawa nyingi ya Kenya imepitia mnada wa Nairobi, na kero kubwa ya mkulima imekuwa muda. Unapeleka cheri mwisho wa mwaka, pesa inazunguka kwa mil, kwa wakala, kwa mnada, kwa sosaiti, kila mmoja anakata chake, unakuja kulipwa miezi kadhaa baadaye ukiwa ulishakopa mbolea na karo. Serikali iliweka mfuko wa shilingi bilioni 3 wa kuwapa wakulima pesa mapema wakishafikisha cheri, kupitia New KPCU, shirika la serikali la kahawa, na 2023 ikaanza mfumo wa malipo ya moja kwa moja kupitia benki ili pesa ya mnada isipotelee njiani. Ni hatua. Lakini ukiniuliza kitu kimoja mkaangaji anaweza kufanya ambacho kinagusa ubora na maisha ya mkulima kwa wakati mmoja, nitakwambia ni kulipa mapema, ama kukubaliana bei kabla ya msimu na kutoa sehemu ya pesa wakati wa kuvuna, kwa sababu ile pesa ndio inalipa wavunaji warudi kwa mti mara ya nne na ya tano. Mkono mtupu haulambwi.

Watu wa Bungoma hawahitaji kufundishwa hili. Wazee bado wanaongea juu ya Chepkube, soko la karibu na mpaka wa Uganda. Baridi kali ilichoma kahawa ya Brazil Julai 1975, bei ya dunia ikapanda kama moshi, na upande wa pili wa mpaka wakulima wa Uganda chini ya Amin walikuwa wanalipwa pesa ya kuchekesha na serikali yao, kwa hivyo 1976 na 1977 kahawa ikaanza kuvuka usiku kwa punda, kwa baiskeli, kwa vichwa, ikifika Chepkube inageuka pesa taslimu. Magendo, ndio, na kuna watu walikufa njiani. Lakini ilionyesha wazi kabisa kahawa inakwenda pale inapolipwa, haijali mpaka wala hotuba. Na bado iko hivyo. Bei ikiwa mbaya huku mkulima anang'oa miti anapanda mahindi, na amefanya hivyo kweli: Kenya ilifika karibu tani 130,000 kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1980, alafu mkataba wa kimataifa uliokuwa unashikilia bei ukavunjika 1989, na siku hizi hata nusu ya hiyo hatufiki.

Sasa tufike kwa mkaangaji mwenyewe. Kuna karakana moja ndogo hapa mjini ambayo huniruhusu nikae kando wakifanya kazi, na ninachopenda ni kwamba mashine ndio kitu cha mwisho wanakigusa. Sampuli ikifika, kitu cha kwanza ni kipimo cha unyevu. Alafu wanapima gramu 350 za kahawa mbichi, wanamwaga juu ya karatasi nyeusi chini ya taa na kuanza kutoa mbovu moja moja: iliyotobolewa na mdudu, iliyokuwa nyeusi, iliyochachuka ikawa kahawia, iliyovunjwa na palpa iliyokazwa vibaya. Hiyo ndio namna ya kupanga ile daraja inayoitwa speshalti, kwa gramu hizo 350 kasoro kubwa hairuhusiwi hata moja na ndogo zina kikomo. Ni kazi ya macho na subira na inaumiza shingo.

Baada ya hapo wanakaanga kidogo, kwa rangi nyepesi, wanaacha ipumzike mpaka kesho yake, alafu meza ya kuonja. Bakuli kadhaa za kahawa ile ile, kila moja gramu 8.25 kwa mililita 150 za maji yaliyotoka kuchemka yakapoa kidogo kufika digrii 93 hivi. Unanusa ikiwa kavu, unamwaga maji, unangoja dakika 4, unavunja ule utando wa juu na mgongo wa kijiko huku pua iko karibu kabisa, unatoa povu, na ikipoa unaanza kuvuta kwa kijiko kwa kelele, kelele kweli, ili kahawa isambae mdomo mzima. Bakuli ni nyingi kwa sababu punje moja iliyooza inaweza kuharibu bakuli moja na kuacha zingine salama, na hiyo inakuambia faktori haina uwiano. Alama zinajumlishwa kwa 100, kuanzia 80 kwenda juu ndio speshalti. Dada anayeonja pale haandiki maneno ya kukopa kutoka vitabu vya wazungu, anaandika jamna, ndimu, sukari nguru, karanga, na ukimsikiza unaelewa hapo hapo. Kahawa za Elgon ambazo nimeonja kwa hiyo meza zimekuwa na huo utamu wa sukari nguru zaidi ya ukali wa asidi, na mimi zinanifaa zaidi kuliko zile kali za Kenya ya kati.

Alafu kukaanga. Pipa limeshapashwa moto, kahawa inaingia, dakika za kwanza ni kukausha maji tu, punje inatoka kijani inakuwa ya manjano na nyumba inanukia kama nyasi kavu na baadaye mkate. Kuanzia digrii 150 hivi sukari na protini zinaanza kuungana na kutengeneza rangi ya kahawia na harufu nyingi, na ikikaribia 200 unasikia mlio wa kwanza, tak tak tak, ni mvuke unapasua punje kutoka ndani. Muda kati ya huo mlio na kumwaga ndio unaamua karibu kila kitu. Ukimwaga mapema sana inabaki na ladha ya majani mabichi, ukikawia asidi nzuri zinavunjika na utamu unageuka uchungu. Ukiendelea mpaka mlio wa pili, kwenye digrii 225 hivi, mafuta yanatoka nje, punje inang'aa, na hapo unachoonja ni moto kuliko shamba. Ndio maana kahawa ya bei ya kutupa karibu kila wakati imekaangwa nyeusi tii. Moto unaficha. Sisemi kila kahawa nyeusi ni mbovu, kuna watu wanaipenda hivyo na maziwa na ni haki yao, lakini mkaangaji aliyelipa mkulima pesa nzuri kwa cheri nyekundu hana sababu ya kuunguza alichonunua.

Na sasa zile punje nyeupe. Kahawa ikimwagwa kwa sinia ya kupozea, inazunguka na feni inavuta hewa, ghafla unaona katikati ya zile za kahawia kuna punje zimebaki rangi ya karanga mbichi, kama vile hazikuingia motoni. Hizo zilitoka kwa cheri za kijani. Hazikuwa na sukari ya kutosha, kwa hivyo hakukuwa na cha kugeuka rangi. Kwa kahawa mbichi huwezi kuziona, zimefanana na zingine, zimepita palpa, zimepita mil, zimepita gredi, zinaweza hata kuwa AA. Moto peke yake ndio unazitaja. Kijana wa pale anasimama anazitoa kwa vidole, moja moja, sinia nzima, na kila moja anayotoa ni mtu fulani Cheptais ama Nyamira aliyekwangua tawi kwa sababu bei haikumruhusu kurudi wiki mbili baadaye. Bakuli moja lenye punje chache za hizo linaonja ganda la njugu. Hapo ndipo ninasema ubora na malipo ni kitu kimoja, unaweza kukihesabu kwa vidole juu ya sinia.

Hebu tupige hesabu kidogo. Inachukua kama kilo 6 na nusu za cheri kupata kilo 1 ya kahawa mbichi. Kukaanga kunakula uzito, maji na moshi, tuseme asilimia 15, unabaki na gramu 850. Kikombe kimoja gramu 15, kwa hivyo hiyo kilo imetoa vikombe 56. Tuseme mkulima amelipwa shilingi 100 kwa kilo ya cheri, hiyo ni 650 kwa vikombe vyote, yaani shilingi 11 na senti kadhaa kwa kikombe. Kikombe hicho kikiuzwa 250 hotelini, mkulima amepata chini ya asilimia 5. Sasa ongeza malipo yake yawe 140 kwa kilo, kwa masharti ya nyekundu tupu. Kikombe kimeongezeka shilingi 4 na senti 60 hivi tu. Shilingi zisizofika 5 kwa kikombe cha 250 ndio umbali kati ya tawi lililokwanguliwa na tawi lililochaguliwa. Nikisikia kampuni inasema haiwezi kulipa zaidi kwa sababu mteja hatakubali, nafikiria hii hesabu.

Na vile vyeti vinavyobandikwa kwa pakiti je? Vina kazi yake na tusivikebehi, ila kila kimoja kinafanya kitu tofauti. Fairtrade inaweka sakafu ya bei, kwa kahawa ya arabika iliyooshwa Agosti 2023 ilipandishwa ikawa dola 1.80 kwa ratili, na juu yake senti 20 za pamoja ambazo wanachama wanaamua zifanye nini. Sakafu ni muhimu soko likianguka, lakini soko likiwa juu haishiki chochote, Februari 2025 bei ya soko la kahawa la New York ilipita dola 4 kwa ratili, ikavuka hata rekodi ya 1977. Rainforest Alliance, iliyoungana na UTZ, shirika lingine la vyeti, 2018, inaangalia zaidi namna shamba linaendeshwa, miti, dawa, haki za wafanyakazi, haina sakafu ya bei kama hiyo. Kilimo hai kinakataza mbolea na dawa nyingi za kemikali, na kwa mahali penye CBD kama kwetu ni mzigo mzito kwa mwenye SL28. Alafu kuna sheria ya Umoja wa Ulaya ya ukataji misitu, utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, inataka kila kahawa inayoingia kule ijulikane shamba lake kwa ramani na kwamba msitu haukukatwa hapo baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kwa sosaiti yenye wanachama mamia wenye robo eka kila mmoja, kupima mashamba yote ni gharama, na watakaoshindwa ni wadogo. Hakuna cheti hata kimoja kati ya hivyo kinachokuambia kahawa ni tamu, na vingine havikuambii mkulima alilipwa ngapi.

Kwa upande wa karakana yenyewe mambo ya mazingira yapo lakini ni madogo kuliko watu wanavyofikiri. Gesi inayochomwa, moshi ambao mashine kubwa zinauchoma tena kabla ya kuuachilia, makapi mepesi yanayotoka kwa punje ambayo yanafaa bustanini ama chini ya kuku. Meli ya kupeleka kahawa ng'ambo ina mchango mdogo pia. Mzigo mkubwa uko shambani kwa mbolea ya viwandani, na uko jikoni kwako kwa maji unayochemsha ya ziada na maziwa, kikombe cha maziwa mengi kina mzigo kuliko kahawa nyeusi. Pakiti ni tatizo la kweli, zile zenye foili na vali ya kutoa hewa hazirudiwi kirahisi kutengenezwa upya, lakini karatasi tupu inaiacha kahawa ichakae upesi, na kahawa iliyotupwa imetupa maji, dawa, jasho na msitu wote uliotangulia. Mimi bado naona foili ni afadhali mpaka kitu kizuri zaidi kipatikane, na kama unaishi karibu na karakana peleka mkebe wako wakujazie.

Ukisimama mbele ya rafu, tafuta jina la faktori ama sosaiti, mwaka wa mavuno, aina ya mti, na tarehe ya kukaangwa, sio ile ya kuharibika. "Kahawa ya Kenya" peke yake haisemi kitu. Ukiwa unaweza kuongea na wenye karakana, na hapa Kisumu na Nakuru wapo wanaofungua mlango, waulize walilipa ngapi na walilipa lini, na kama huwa wanarudisha matokeo ya kuonja kwa faktori, maana wakulima wengi wameuza maisha yao yote bila kuambiwa kahawa yao ilionjaje. Alafu uliza kama sosaiti waliyonunua mwaka huu ndio ile ya mwaka jana. Mkaangaji anayehama kila msimu akifuata bei ya chini hawezi kumwomba mkulima apande Batian, achimbe shimo la maji ama apande miti ya kivuli, kwa sababu mti mpya wa kahawa unachukua kama miaka mitatu kuzaa vizuri na mkulima anataka kujua nani atakuwa bado yuko pale.